Safu ya Maelezo

Mama aliponiita Nyevu hakujua
kwamba siku moja nitalipwa mshahara
kusoma unyevu kwenye mirija miwili ya kioo,
mmoja mkavu, mwingine umevishwa kitambaa kibichi,
ndani ya kizimba cheupe chenye mbavu za mbao
pembeni mwa uwanja wa ndege wa Malindi.

Kila saa tatu asubuhi nainama.
Nachomoa chupa kwenye kipimamvua,
namimina, nasoma kwa usawa wa jicho,
naandika kwa penseli, maana wino hulia ukilowa.

Dalili ya mvua ni mawingu, watu husema.
Mwaka juzi mawingu yalikuja siku themanini na nane,
yakakaa juu ya Ganda kama wageni wasiovua viatu,
yakaondoka.
Sifuri nukta sifuri.
Sifuri nukta sifuri.
Bi Mbodze, akiswaga mbuzi wake wawili waliobaki,
alisimama kwenye seng'enge akaniuliza,
"Kumbe hata patupu pana karani?"
Nikacheka. Kesho yake nikaandika sifuri nyingine,
nikaufunga mduara vizuri, isije ikadhaniwa sita.

Kisha Mei, usiku wa Alhamisi.
Haikunyesha: ilimwagwa.
Kalamu ya kipimaupepo ilipanda, ikapanda,
ikavuka ukingo wa karatasi,
ikawa inaandika juu ya chuma.
Saa sita nilitoka na tochi mdomoni;
chupa imejaa hadi shingoni.
Saa saba, imefurikia kwenye kopo la nje.
Saa nane simu ya Mama kutoka Muyeye:
"Maji yameshika miguu ya kitanda."
Nikamwambia, panda juu ya meza,
nikatoka tena na bilauri ya kupimia.
Mungu anisamehe, nilipima kwanza.

Maji yakimwagika hayazoleki,
na ajira yangu ndiyo hiyo, kuyazoa,
hadi sehemu ya kumi ya milimita.
Lakini saa tisa nilikuta ua wote ni dimbwi,
chura ameng'ang'ania ukingo wa shaba,
na maji ya ardhini yanaingia mdomoni mwa kipimo
bila hodi, yakichanganyika na ya juu.
Yapi ya wingu? Yapi ya mtaro?
Chura hakusema.

Asubuhi Bwana Omwenga alipiga kutoka makao makuu,
sauti imetiwa sukari:
"Mia tatu na ngapi? Hiyo ni rekodi, Nyevu!
Tangu kituo kifunguliwe!"
Namba nilikuwa nayo. Nzuri, nzito,
ingesomwa kwenye taarifa ya saa moja.
Nikasema, "Mpaka saa nane, mia moja themanini na sita nukta nne.
Baada ya hapo sijui."
"Hujui?"
"Sijui."
Kimya chake nacho kilikuwa na milimita zake.

Kwenye safu ya mvua nikachora kistari.
Kwenye safu ya maelezo, nyembamba kama kidole,
nikabana herufi:
Kipimo kilizama. Kalamu ya upepo ilitoka nje ya karatasi.
Hakuna kilichobuniwa.

Miaka ijayo, kijana fulani mbele ya kompyuta
ataliona pengo hilo katikati ya Mei,
atadhani nilisinzia.

Niliposhuka Muyeye, magodoro yalikuwa juani,
Mama kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
hataki kunitazama.
Ukutani tope lilikuwa limechora mstari,
umenyooka kuliko wangu wowote.
Nikatoa rula mfukoni. Sentimita sitini na moja.
"Unapima nini tena?" akauliza.
Sikujibu. Nikaandika tarehe kwa penseli, ndogo, kando ya mstari,
kisha nikashika fagio.

Agosti alipaka nyumba chokaa upya.
Brashi ilipofika pale, ikapita kando.